Fundi cherehani wa Mwanza anauliza: vifaa vya mtandaoni vipo vingi, nianze na kipi?

Swali limetoka kwa dada anayeshona nguo Mwanza. Ana vyerehani vinne, wasichana wawili wa kumsaidia, na wateja wake wengi humtafuta kwa WhatsApp. Amesoma orodha ndefu ya vifaa vya mtandaoni ambavyo ati kila mfanyabiashara lazima awe navyo, na kijana mmoja amejitolea kumtengenezea tovuti kwa shilingi milioni 1.2. Anauliza kama alipe, na katika vifaa vyote hivyo, ni vipi vyenye faida kwa fundi wa kawaida anayetumia simu tu, hana kompyuta.

Dada yangu, nianze na la tovuti kwa kuwa ndilo lenye pesa: usilipe sasa. Tovuti si kitu kibaya, na huenda mwakani ukaihitaji. Ila kwa hali uliyonieleza, milioni 1.2 hiyo ina kazi nyingine za haraka zaidi, na nyingi ya kazi hizo hazitakugharimu hata robo yake.

Kila kifaa utakachoambiwa ni kizuri, kabla hujauliza bei jiulize: siku nikikiacha, au chenyewe kikifungwa, ninaondoka na nini? Google iliwahi kuwapa wafanyabiashara tovuti ndogo za bure, zilizotengenezwa ndani ya wasifu wao wa biashara kwenye ramani. Machi 2024 ikazifunga zote. Kwa miezi michache anwani zile ziliendelea kumpeleka mteja kwenye wasifu wa ramani, kisha Juni zikafa kabisa. Mtu aliyekuwa amechapisha anwani ile kwenye mifuko na vipeperushi alibaki na karatasi isiyompeleka mteja kokote. Aliyekuwa na jina lake mwenyewe la mtandaoni, alilolinunua, alilielekeza mahali pengine, kazi ikaendelea. Ushauri wangu wote unatoka hapo: miliki namba yako, jina lako, orodha ya wateja wako na hesabu zako. Vingine vyote tumia vya watu, tena vya bure, ukijua kwamba ni vya watu.

Sasa tuingie kwenye oda. Mafundi wengi ninaowashauri hawana shida ya wateja. Pesa zao hupotelea kwenye advansi isiyokumbukwa, salio lisilodaiwa, na gauni lililoahidiwa Ijumaa likakumbukwa Jumamosi asubuhi mwenye nalo akiwa mlangoni na harusi ni saa nane. Tovuti haitibu hilo. Jedwali linatibu.

Pakua Google Sheets kwenye simu yako. Ni ya bure, unahitaji akaunti ya Google tu. Fungua jedwali, liite Oda, na mstari wa kwanza andika vichwa hivi kuanzia safu ya A: tarehe ya kupokea, jina, namba ya simu, mshono, tarehe ya kujaribisha, tarehe ya kukabidhi, bei, alicholipa, salio, hali. Bei itaangukia safu ya G na alicholipa safu ya H. Basi kwenye safu ya I, mstari wa pili, andika =G2-H2 kisha iburute chini; salio la kila mteja litajihesabu lenyewe. Chini kabisa ya safu hiyo, au kwenye ukurasa wa pili, andika fomula ya kujumlisha, na kila jioni utajua una shilingi ngapi mikononi mwa watu.

Kuna mitego midogo inayowakatisha tamaa watu siku ya kwanza. Ukiandika namba ya simu inayoanza na sifuri, jedwali litaifuta sifuri hiyo kwa kudhani ni hesabu. Anza na 255 badala ya sifuri, usiweke alama ya kujumlisha. Tarehe nazo: majedwali mengi huja yamepangwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi ukitangulia siku, kwa hiyo 3/7 uliyokusudia iwe Julai itasomeka Machi. Andika mwaka, mwezi, siku, kwa mfano 2026-07-03, na hutakosea. Kwenye safu ya hali tumia maneno yale yale kila siku: haijakatwa, imekatwa, imeshonwa, imejaribishwa, imekabidhiwa. Leo ukiandika “imeshonwa” na kesho “tayari”, siku ya kuchuja jedwali litakuletea nusu ya kazi zako.

Mtandao ukikatika usiogope. Gusa vidoti vitatu kwenye faili, ruhusu lipatikane bila intaneti, uandike kama kawaida. Mtandao ukirudi litajisasisha lenyewe. Asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, lipange kwa tarehe ya kukabidhi. Zilizo juu ndizo kazi za leo, na wasichana wako wataziona bila kukuuliza.

Ukurasa wa pili uwe wa gharama. Tuseme gauni unalishona kwa 35,000: bitana 6,000, zipu na uzi 2,500, msichana aliyeshona unamlipa 10,000. Umebaki na 16,500, na humo ndimo umeme, kodi ya chumba na mkono wako wa kukata vinapotoka. Fanya hesabu hiyo kwa kila mshono unaoshona sana. Mara nyingi mshono unaosifiwa kuliko yote ndio unaokula siku nzima na kubakiza kidogo, na sare za shule zisizosifiwa na mtu ndizo zinazolipa kodi. Hilo hutaliona kwa kukadiria kichwani.

Mwisho wa mwezi pakua nakala ya jedwali kama faili la Excel uitume kwenye barua pepe yako. Siku Google Sheets ikikuudhi, unaondoka na daftari lako lote.

Baada ya daftari, namba. Wewe unaiona WhatsApp kama mahali pa kupigia soga na wateja, mimi naiona kama duka lako. Hamia kwenye WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018 na ni ya bure. Namba yako ile ile inahama pamoja na mazungumzo yako, ila tengeneza nakala ya akiba kwanza. Na ufahamu kwamba siku hizi kwenye simu za Android nakala hiyo inakula nafasi ya akaunti yako ya Google, zile GB 15 za bure unazogawana na barua pepe na picha. Video za vichekesho za vikundini zitakujazia nafasi ya biashara, kwa hiyo zifute, au zizuie zisipakuliwe zenyewe.

Kabla ya kupamba chochote, piga *106# uangalie laini hiyo imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani. Nimeona biashara nyingi ambazo namba iliyoandikwa kwenye bango, mifuko na vipeperushi ni ya mpwa aliyehamia mkoa mwingine, au ya msaidizi aliyeacha kazi. Mwenye laini kisheria ndiye atakayerudishiwa laini ikipotea, na aliye na laini ndiye aliye na WhatsApp. Ikiwa si yako, shughulika na hilo wiki hii. Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye mipangilio ya akaunti, uweke namba ya siri ya tarakimu sita. Mtu yeyote akikuandikia kwamba amekutumia msimbo kwa bahati mbaya, umsomee, ujue anaiba akaunti yako, hata kama ujumbe umetoka kwa rafiki. Huenda ya rafiki imeshaibwa.

Ndani ya WhatsApp Business kuna lebo za rangi. Zipe majina yale yale ya hali uliyoweka kwenye jedwali. Kuna majibu ya haraka: yale maswali matatu unayojibu kila siku, mko wapi, bei gani, inachukua siku ngapi, yaandike mara moja vizuri, yatoke kwa kugusa tu. Kuna katalogi ya kuweka picha na bei. Najua mafundi hampendi kuandika bei kwa kuwa kitambaa na mwili hutofautiana. Andika “kuanzia 35,000”. Mteja anayeona aibu kuulizia bei hataulizia kabisa, ataenda kwa mwenye kuiandika.

Picha za katalogi ziwe za kazi ya mikono yako. Picha za mishono ya Lagos na Accra zinazozunguka mitandaoni ni nzuri kwa mteja kukuonyesha anachotaka, lakini ukiziweka kwenye katalogi yako umeahidi kitu ambacho hujawahi kukishona. Piga picha karibu na dirisha, asubuhi, nguo ikiwa imenyooshwa pasi, nyuma pakiwa na ukuta mtupu. Hiyo inatosha, huhitaji kamera.

Jambo moja kuhusu ujumbe wa kutuma kwa wengi kwa pamoja: kwenye orodha ya matangazo ya WhatsApp ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wengine hawapati chochote, na wewe hutaambiwa. Basi unapokabidhi nguo, mteja akiwa na furaha mbele ya kioo, mwombe papo hapo aihifadhi namba yako kwa jina la biashara. Kama utafanya hilo moja tu katika yote haya, tayari utaona tofauti msimu wa Idi na Krismasi.

Sasa wale ambao hawakujui. Mgeni aliyefika Mwanza akararukiwa suruali hana namba yako; anaandika “fundi cherehani karibu nami” kwenye simu. Majibu anayoyaona yanatoka kwenye wasifu wa biashara wa Google, ule unaotokea kwenye ramani, na kuuweka ni bure. Aina kuu ya biashara ichague kwa uangalifu, maana ndiyo inayoamua utatokea kwenye utafutaji gani: kama unashona kwa oda, chagua fundi nguo, usichague duka la nguo. Saa za kazi ziwe za kweli. Mteja aliyekuta mlango umefungwa wakati ramani inasema umefunguliwa harudi tena.

Google mara nyingi hutaka uthibitishe kwa video isiyokatwa: uonyeshe mtaa ulivyo, kibao chenye jina, kisha vitu vinavyothibitisha kwamba wewe ndiye mwenyeji, kama kufungua mlango kwa ufunguo na vyerehani vikiwa ndani. Kwa hiyo kibao kitangulie. Hapa ndipo sehemu ya ile milioni inapopata kazi, bango zuri linalosomeka kutoka upande wa pili wa barabara.

Kama mtaa wako haueleweki kwa kuelekezwa, tumia namba ya anwani ya makazi uliyobandikiwa katika mpango wa anwani na postikodi, na uwatumie wateja pia alama ya mahali pako kutoka kwenye ramani. “Ukifika kwenye mwembe uliza” inamsaidia mwenyeji tu.

Maoni ya wateja kwenye wasifu huo yana nguvu kuliko tangazo. Yaombe, usiyanunue. Maoni ya kununua huwa yanafanana maneno, wasomaji wanayatambua, na Google ikiyagundua huyaondoa na inaweza kuuzuia wasifu wenyewe. Anayelalamika mjibu kwa upole hadharani, kisha mmalizane kwa simu. Na ikiwa kijana ndiye atakayekusaidia kuufungua wasifu, ufunguliwe kwa akaunti yako wewe uwe mmiliki mkuu, yeye umwongeze kama msimamizi. Msimamizi anaondolewa kwa kugusa mara mbili. Mmiliki mkuu huwezi kumwondoa.

Kuhusu malipo nitasema kwa ufupi kwa sababu hilo unalijua kuliko mimi. Chukua Lipa Namba kwa jina la biashara, uache kupokelea kwenye namba yako binafsi. Mteja analiona jina la biashara kabla hajathibitisha malipo, na pesa ya bitana haichanganyiki na pesa ya ada ya mtoto. Mteja akikuonyesha ujumbe kwamba ameshatuma, usimkabidhi nguo kwa kuamini ujumbe kwenye simu yake. Angalia salio kwenye menyu yako. Orodha za vifaa zilizoandikwa kwa ajili ya watu wa Marekani na Ulaya zitakusukumia huduma za malipo zisizokufaa. PayPal, kwa mfano, Mkenya anaweza kupokea pesa na kuzihamishia M-Pesa tangu 2018, wakati akaunti za Tanzania kwa miaka mingi zimekuwa za kulipa tu. Kabla ya kujaza fomu yoyote, hakikisha huduma hiyo inapokea pesa kwa nchi yako.

Na jina. Kabla hujalichapa kwenye bango, ingia ors.brela.go.tz, mfumo wa usajili wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, utafute kama jina lako halijachukuliwa, kisha ulisajili kuwa jina la biashara. Utahitaji namba yako ya NIDA. TIN, yaani namba ya mlipakodi, unaipata TRA bila malipo, na leseni ya biashara ya halmashauri inaombwa kwenye mfumo wa Tausi, tausi.tamisemi.go.tz. Yote haya yanafanyika kwa simu, na kinacholipiwa hulipwa kwa kontrol namba. Vishoka wanaosimama nje ya ofisi wakikutoza kwa kitu ambacho ni bure wanaishi kwa kutojua kwetu. Angalia tu kwamba anwani inaishia na .go.tz, maana zipo kurasa zinazojifanya za serikali.

Jina likishakuwa lako BRELA, nunua jina la kikoa, yaani anwani yako mwenyewe ya mtandaoni, linalofanana nalo, lenye kuishia na .co.tz, kwa msajili aliyeidhinishwa. Hulipiwa kila mwaka na ni nafuu mno ukilinganisha na kutengenezewa tovuti. Kwa sasa lielekeze kwenye wasifu wako wa ramani au kwenye katalogi ya WhatsApp, na hilo ndilo uchapishe kwenye mifuko. Ukibadilisha kifaa kesho, unabadilisha linakoelekea tu. Mifuko inabaki ile ile. Siku utakapotaka tovuti kweli, pengine umeanza kupokea zabuni za sare za shule na hoteli zinazotaka kuona kampuni imesimama, mpe kazi kijana yule kwa masharti yaliyoandikwa: jina limesajiliwa kwa jina lako na barua pepe yako, manenosiri yote unayo, picha na maandishi ni yako, na ukurasa unafunguka haraka kwenye simu ya kawaida. Hilo la mwisho unaweza kulipima mwenyewe bure kwa PageSpeed Insights ya Google kabla ya kumalizia malipo. Akikataa lolote kati ya hayo, tafuta mwingine.

Canva, programu ya kubuni picha na matangazo, itakutosha kwa vipeperushi, kadi na matangazo ya hali ya WhatsApp, na toleo la bure linakidhi. Ukipeleka kazi kwa mchapishaji mpelekee PDF ya kuchapisha, si picha uliyoituma kwa WhatsApp ikabanwa. Programu za akili unde za kuandika matangazo zinasaidia kupata wazo, ila soma kila neno kabla ya kutuma. Kiswahili chake mara nyingi kinasikika kama hotuba, na wateja wako wanakujua unavyozungumza. Usizilishe majina na namba za wateja.

Hilo linanifikisha kwenye jambo ambalo hukuuliza, nami siwezi kuliacha. Daftari lako lina vipimo vya miili ya wanawake wa watu, majina yao na namba zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu taarifa za namna hiyo. Vipimo vikae kwenye jedwali linalofunguliwa kwa ruhusa yako tu, usimpe kiungo chake kila msaidizi anayekuja kwa wiki moja. Picha ya mteja akiwa amevaa nguo uliyomshonea usiiweke popote kabla hujamwomba ruhusa, na ruhusa ya kupigwa picha si ruhusa ya kuitangaza. Wengi watakubali kwa furaha. Atakayekataa, mvalishe nguo sanamu upige hiyo.

Na chagua mtu mmoja unayemwamini, mume, dada au mama, ambaye ukiugua ataweza kufungua jedwali na kuwajibu wateja. Andika kwenye karatasi barua pepe ya biashara, nenosiri lake, namba ya siri ya WhatsApp na lini jina la kikoa linaisha muda. Karatasi hiyo iwekwe nyumbani pamoja na vyeti, isikae dukani, na kila unapobadilisha nenosiri uiandike upya siku hiyo hiyo.